Apolo Kivebulaya: kwa miguu kutoka Toro hadi Boga na msitu wa Ituri

Kila mwaka tarehe 30 Mei ndugu zetu Waanglikana wanamkumbuka Apolo Kivebulaya, aliyefariki siku hiyo mwaka 1933 huko Boga, katika wilaya ya Irumu, jimbo la Ituri. Jina lake linajulikana Uganda, linajulikana Uingereza, na katika makanisa ya Ituri hata watoto wa shule ya Jumapili wanalitaja. Lakini tumeona kwamba katika jumuiya nyingine za Kanisa la Kristo katika Kongo, hasa kwa vijana wanaoingia shule ya theolojia, anajulikana kama jina tu, labda jina la kanisa au la shule. Ndiyo sababu tunaandika habari hizi. Habari za injili kuingia nchini kwetu zinaanza mara nyingi na meli, na Wazungu, na mto mkubwa upande wa magharibi. Habari za Apolo zinaanza mashariki, na Mwafrika anayetembea kwa miguu.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, katika nchi ya Singo. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa anaitwa Waswa. Basi hilo ndilo lililokuwa jina lake. Ujana wake uliangukia miaka ya taabu kubwa. Waarabu na watu wa pwani walikuwa wamefika na Uislamu, Waprotestanti walifika mwaka 1877, Wakatoliki mwaka 1879, na kwenye ua wa Kabaka kila kundi lilitafuta nafasi yake. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliwaua vijana Wakristo, wengi wao kwa moto pale Namugongo. Baadaye vita vya dini vikaigawanya nchi nzima. Waswa alimsikia Alexander Mackay akifundisha, lakini hakuamua mara moja. Kwa muda alikuwa upande wa Waislamu, hata katika jeshi lao, kisha akawaacha. Tunalisema hili bila aibu, kwa maana wako wanaosimulia maisha ya watakatifu kana kwamba walizaliwa wakiwa na Biblia mkononi. Yeye alizungukazunguka kwanza.

Alibatizwa mwezi Januari 1895, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, akaitwa Apolo. Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Kwa Kiganda lina maana ya kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu alipenda kuvaa koti la Kizungu juu ya kanzu yake nyeupe. Lilikuwa jina la utani, pengine la kumcheka kidogo, lakini likamshika mpaka kaburini. Inafurahisha kwamba mtu aliyeitwa kitu cha Ulaya ndiye aliyeonyesha wazi kuliko wengi kwamba injili haihitaji Mzungu ili ivuke mto.

Ili kumwelewa ni lazima tukumbuke jambo lililotokea Buganda mwishoni mwa mwaka 1893. Mmisionari George Pilkington, aliyekuwa amechoka na kazi isiyozaa, alikwenda peke yake katika kisiwa cha Kome ndani ya ziwa Victoria, akarudi akiwa mtu mwingine. Uamsho ulianza. Matunda yake hayakuwa machozi na nyimbo tu. Waganda walianza kujitoa kuwa waalimu, na kanisa la Buganda likawatuma nje ya mipaka yake: Busoga, Bunyoro, Toro, Nkore. Hawa walikuwa walei, wenye elimu ya kusoma na kuandika na ujuzi wa Agano Jipya, wakiishi kwa msaada mdogo wa Wakristo wa nyumbani. Wengi majina yao hayakuandikwa mahali popote. Apolo alikuwa mmoja wao, na mwaka uleule wa ubatizo wake alitumwa Toro, chini ya milima ya Ruwenzori.

Toro ilikuwa na mfalme kijana, Kasagama, ambaye Askofu Alfred Tucker alimbatiza mwaka 1896 kwa jina la Daudi. Kutoka Toro, siku ambayo mawingu yamefunguka, mtu anaiona theluji kwenye vilele vya Ruwenzori, ambavyo kimoja kinapita mita 5,000. Upande wa pili wa milima hiyo kuna bonde la mto Semliki, unaotoka ziwa Edward kwenda ziwa Albert. Na ng'ambo ya mto ardhi inapanda tena hadi vilima vya majani vya Boga, ambayo vitabu vya zamani vinaiita Mboga. Hapo waliishi Bahema wenye ng'ombe pamoja na majirani zao wakulima. Nyuma ya vilima hivyo, kuelekea magharibi, majani yanakwisha na msitu wa Ituri unaanza.

Waganda wawili walikuwa wametangulia kufundisha Boga. Hawakudumu. Chefu Tabaro hakupendezwa nao, akazuia chakula, na mwalimu asiyelishwa katika nchi ya watu hana njia ila kurudi. Hivyo ilitafutwa nafsi nyingine ya kwenda, na Apolo akakubali. Ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka 1896.

Tuitazame safari hiyo kwa utulivu, kwa sababu wengi wetu leo tunahesabu umbali kwa bei ya pikipiki. Njia ilipita kwenye miteremko ya Ruwenzori, mahali ambapo baridi na matope vinakutana na mvua za kila siku. Kisha inashuka ghafla katika bonde la Semliki, na hewa inakuwa nzito, na mbu wanamsubiri msafiri. Mto wenyewe una mamba na maji ya nguvu. Baada ya kuvuka, mtu anaanza kupanda tena huku magoti yakiwa yamekwisha kuchoka kwa kushuka. Mwili unatoka kwenye baridi kwenda kwenye joto na kurudi kwenye baridi ndani ya siku chache, na homa inajua kutumia nafasi hiyo. Apolo hakuipita njia hii mara moja tu ili iandikwe kitabuni. Aliipita miaka mingi, kwenda na kurudi, mzima na mgonjwa, huru na, kama tutakavyoona, mfungwa.

Alipofika, alijua sababu iliyowafukuza waliomtangulia, basi akashika jembe. Alilima chakula chake mwenyewe. Hili linaonekana jambo dogo, lakini sisi tunaliona kuwa ndio mlango wa kazi yake yote. Chefu aliyezoea kumshinda mgeni kwa njaa alikutana na mgeni asiyeomba. Tena katika nchi ambayo mtu wa heshima ni mwenye ng'ombe na kulima ni kazi ya walio chini, mwalimu mwenye koti la Ulaya alikuwa shambani mwenye udongo miguuni. Wale waliokuwa chini walimwelewa haraka. Alijenga kanisa la miti na majani, akafundisha kusoma, kwa sababu katika desturi ya kanisa la Buganda kusoma na kuamini vilikwenda pamoja. Hata Wakristo wenyewe waliitwa wasomaji. Mtu aliyetaka ubatizo alianza na herufi.

Tabaro hakufurahi. Mafundisho mapya yaligusa pombe, wake wengi, waganga, na juu ya yote yaligusa swali la nani anatii nani. Apolo alipigwa na kusumbuliwa. Nchi nayo haikuwa na amani: mwaka 1897 askari wa msafara wa Dhanis waliasi katika Ituri, na watu wenye bunduki walitapakaa katika sehemu hizo. Ndipo mwaka 1898 likatokea jambo lililokaribia kuumaliza utumishi wake. Mwanamke wa jamaa ya chefu aliangukia mkuki akafa. Ilikuwa ajali. Lakini Tabaro alimshitaki Apolo kwamba ndiye aliyemwua.

Alikamatwa, akapelekwa Toro kwa maofisa wa Kiingereza, akatiwa gerezani. Hebu tuone ilivyokuwa. Njia ileile aliyoijia akiwa mjumbe wa kanisa, sasa anairudia akiwa mshitakiwa wa mauaji. Wakristo wa Toro waliomtuma wanamwona anaingia hivyo. Kwa mhubiri, kupigwa ni heshima, tunaweza kusema. Lakini kushukiwa damu ya mwanamke ni kitu kingine. Wapo watumishi katika nchi yetu ambao wanaujua uchungu huo, walioshitakiwa kwa uongo katika vijiji ambavyo kila mtu ana ndugu wa kumtetea ila mgeni.

Ni katika kifungo hicho ndipo Apolo alipata maono aliyoyasimulia maisha yake yote. Alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yuko pamoja naye. Baadhi ya wasomaji wetu hawapendi sana habari za maono, na katika miji yetu wamekuwako manabii wa kutosha kuwafanya wasizipende. Tunawaelewa. Lakini maono mengi tunayoyasikia siku hizi humpa mwenye nayo gari, au kiti, au wafuasi wa kumtolea sadaka. Maono ya Apolo yalimpa kitu kimoja: kurudi Boga. Alipofunguliwa, baada ya shitaka kukosa nguvu, alivuka tena milima na mto akaenda kwa mtu yuleyule aliyemfunga.

Na Tabaro alibadilika. Hatujui moyo wa mtu unavyogeuka, ila tunaweza kudhani jinsi ilivyomtikisa kumwona tena mlangoni mtu aliyekuwa amekwisha kumwondoa, bila silaha na bila maofisa wa kumlipizia. Chefu akawa msomaji, akabatizwa, akaitwa Paulo. Kanisa la Boga likasimama.

Apolo aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Miaka mingi iliyofuata alifanya kazi upande wa Toro, akizunguka kutoka kituo hadi kituo, akifungua makanisa madogo, akisimamia waalimu. Tunaipita haraka miaka hiyo, ingawa pengine Mungu haipiti haraka. Ni miaka ya kazi ya kawaida: kubatiza, kuzika, kuamua ugomvi, kuandika barua, kutembea. Aliandika pia kumbukumbu zake za kila siku kwa Kiganda, na daftari hizo zimehifadhiwa hadi leo. Ni hazina, kwani watumishi Waafrika wa wakati ule walioacha maandishi yao wenyewe ni wachache mno. Hakuishi na mke wala hakuwa na watoto wake, lakini nyumba yake haikuwa tupu, kwa maana alilea watoto wa wengine.

Wakati huo huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakichora mistari. Kwa mapatano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1910, Boga ilibaki upande wa Kongo. Kanisa lililozaliwa kutoka Toro likajikuta katika nchi nyingine, chini ya serikali nyingine, na mtawala Mbelgiji hakuwa na sababu ya kumpenda mhubiri wa kanisa la Kiingereza. Ingekuwa rahisi kuliacha kundi lile dogo. Katika miaka ya vita kuu ya kwanza Apolo aliomba kurudi kwao, akarudi, na Boga ikawa makao yake mpaka mwisho. Hivyo Waanglikana wa Kongo hawakuletwa na shirika la Ulaya lililopanga kuingia kupitia Matadi. Walikuwako tayari vilimani wakati mpaka ulipowapita juu ya vichwa.

Sasa tufike msituni, kwa sababu ndipo jina lake lilipokwenda mbali.

Bambuti walijulikana Boga. Walitokea msituni na nyama na asali, wakapata ndizi, chumvi na chuma, wakarudi. Ilikuwa biashara, lakini haikuwa biashara ya watu sawa. Wakulima na wafugaji waliwahesabu Bambuti kuwa watu wao, karibu kama mali, na wengi waliwaweka mahali fulani kati ya watu na wanyama. Tunaandika hivi kwa wakati uliopita, lakini msomaji wa Mambasa au wa Irumu atatuambia kama ni wakati uliopita kweli. Tumeona wenyewe makanisa ambayo Mmbuti akiingia anakaa nyuma karibu na mlango, na hakuna anayemwambia asogee.

Mwaka 1921 Apolo alikuwa na umri wa karibu miaka 57, umri ambao wengi tunaanza kuomba parokia iliyo karibu na barabara. Katika mwaka huo, kwa ushuhuda wake, Kristo alimtokea tena, akamwagiza aingie msituni kwa watu wa huko. Akaingia. Msitu wa Ituri haumkaribishi mtu wa vilima. Hakuna upeo wa macho. Jua linafika chini vipande vipande. Mvua ikiisha juu inaendelea kudondoka chini kutoka kwenye majani. Siafu wanahamisha watu usiku. Njia ni ya anayeijua tu, na asiyeijua anazunguka. Na watu aliowatafuta hawakai mahali pamoja: kambi ya vibanda vya majani iliyoko leo, baada ya majuma machache imeachwa, kwa sababu nyama wamehama na Bambuti wamewafuata na nyavu zao. Mwinjilisti aliyezoea kujenga kanisa na kuwangojea watu waje anakuta kwamba hapa mpango huo hauna maana. Ni lazima yeye ndiye ahame.

Basi alihamahama. Alitembelea kambi, alikaa, alirudi, alitafuta tena waliohama. Alituma pia waalimu aliowafundisha Boga. Na alifanya jambo ambalo sisi, kama watu tuliosomeshwa theolojia, tunaliheshimu kuliko safari zote: alisikiliza lugha yao. Alikuwa na Kiganda, alikuwa na Kitoro kinachofanana na lugha ya Bahema, na angeweza kusema kwamba Bambuti wanajua lugha za majirani zao, wajifunze kwa hizo. Wengi wamesema hivyo baada yake. Yeye aliitafsiri Injili ya Marko katika maneno ya Bambuti wenyewe. Mtu ambaye jirani zake wanamhesabu kuwa nusu mnyama, siku anapoletewa kitabu chenye maneno anayosema na mama yake kwenye moto, hahitaji kuhubiriwa sana kwamba yeye ni mtu. Baadhi yao walibatizwa kabla Apolo hajafa.

Hatutaki kumfanya malaika. Alikuwa mwana wa kanisa lake na wa wakati wake. Alileta pamoja na injili desturi za Buganda, na aliona kuwa maendeleo ni nyumba za mraba, shule na mavazi meupe. Wako wanaouliza leo, na wana haki kuuliza, kama Mmbuti alihitaji kutoka katika maisha yake ya msituni ili awe mkristo. Vitabu vya kwanza vilivyomtangaza viliandikwa na rafiki yake mmisionari, A. B. Lloyd, ambaye aliwapendeza wasomaji wa Ulaya kwa msitu, mikuki na watu wafupi. Katika vitabu vya namna hiyo chefu Tabaro anakuwa mpagani mkali na Bambuti wanakuwa watoto. Msomaji wa Kongo anapaswa kuvisoma akijua walikuwa babu zetu.

Mwaka 1922 Apolo alipewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Mkulima wa Boga akawa na kiti katika kanisa kuu la Buganda, na baada ya sherehe akarudi kwenye vilima vyake na msitu wake. Miaka kumi iliyofuata nguvu zake zilipungua, na moyo wake ukaanza kudhoofika kwa ugonjwa. Ilipoonekana kwamba mwisho umekaribia, hakutaka kufia Uganda kati ya ndugu zake. Alifia Boga.

Aliacha agizo moja kuhusu kaburi lake. Desturi aliyoijua ilikuwa kumlaza marehemu kichwa kikielekea mashariki. Aliomba chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ilikuwa bado haijaisha huko. Wakamzika hivyo.

Kutoka katika kundi hilo la Boga ilizaliwa dayosisi ya kwanza ya Kianglikana nchini mwaka 1972, na ilipofika mwaka 1992 Kongo ikawa jimbo kamili la Kianglikana. Askofu mkuu wake wa kwanza, Patrice Njojo Byankya, alikuwa askofu wa Boga.

Mwaka 2021 tarehe 30 Mei iliangukia siku ya Jumapili. Usiku wa kuamkia Jumatatu watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi wakaua watu zaidi ya hamsini. Wakazi na serikali waliwataja waasi wa ADF. Siku chache baadaye hospitali ya Boga iliporwa na kuchomwa moto. Maelfu walikimbia, na kwa kuwa barabara zilikuwa hatari, wengi walipita vijia vya vilimani wakiwa na watoto mgongoni. Bambuti wa pembeni ya msitu walikimbia pia. Wengine wamekwisha kurudi, na kaburi bado liko pale, kichwa kikielekea msituni.